Rangi Imetoka Kama Mchanga, na Anayefyatua Kwanza Ndiye Hushinda

*"Naishi Jinja, si mbali na ziwa. Kaka yangu alipotoka Uingereza aliniletea boksi la askari wadogo wa plastiki, wale wa milimita 28 wa kuunganisha vipande. Niliwaunganisha kwa supagluu, nikawapiga spreyi nyeusi ya magari asubuhi moja ya mwezi wa Aprili. Wengine wanakwaruza kama msasa, wengine rangi inabanduka nikigusa kwa ukucha, na kwenye viungo kumeota ukungu mweupe. Hata hivyo tunacheza nao vita vya mezani kwa dadu, mimi na marafiki watatu, kila Jumamosi. Shida ni kwamba anayepata zamu ya kwanza anafyatua na nusu ya jeshi la mwenzake inaondoka, halafu bado mchezo unakula saa nne. Rafiki mmoja, hodari wa omweso, mchezo wetu wa bao, amesema huu si mchezo wa akili, ni bahati ya dadu tu, na anataka kuacha. Nimefikiria kuagiza jeshi la pili na kitabu kikubwa cha kanuni, lakini gharama yake si ndogo. Nishauri kabla sijatuma pesa."*

Usitume bado, ndugu yangu. Ukiyasoma tena uliyoandika utaona hakuna hata moja linalotokana na uhaba wa askari au wa kanuni. Rangi yako imeharibiwa na unyevu pamoja na mafuta yaliyobaki kwenye plastiki. Mchezo wenu unaharibiwa na meza tupu. Jeshi la pili lingepata rangi mbovu ileile, lingesimama kwenye meza tupu ileile, na saa nne zingekuwa sita.

Tuanze na spreyi. Ndani ya lile kopo mna rangi, mna kiyeyushi kinachoruka hewani upesi, na mna gesi ya kusukuma vyote viwili nje. Matone yanatakiwa kufika kwenye plastiki yakiwa bado mabichi, yatandazike, yashikane, ndipo yakauke. Ukishika kopo mbali mno, au upepo ukiwa unavuma na jua ni kali, kiyeyushi kinakaukia njiani. Kinachofika kwa askari wako ni vumbi la rangi, na vumbi hilo hukaa juu ya plastiki kama unga uliomwagika. Huo ndio mkwaruzo unaousikia kwa kidole.

Unyevu nao una njia yake. Kiyeyushi kinaporuka hupoza mahali kilipotoka, kama vile spiriti inavyopoza mkono nesi anapokupangusa kabla ya sindano. Aprili ni katikati ya masika, na hewa ya asubuhi karibu na ziwa imebeba maji mengi. Hewa hiyo ikigusa uso uliopoa, maji hujitenga na kutua kama umande ndani ya rangi ambayo haijakauka. Rangi inapata weupe na inashika kwa shida. Kwa hiyo kopo lako halikuwa bovu, wala huna haja ya kutafuta la bei kali zaidi. Ulipiga saa isiyofaa.

Kubanduka ni jambo la tatu, na mara nyingi chanzo chake ni mafuta. Baadhi ya plastiki hutoka kiwandani na utando mwembamba wa dawa iliyosaidia vipande kuachana na kalibu, na juu yake huongezeka mafuta ya vidole vyako. Rangi hushika mafuta, haishiki plastiki, ndiyo maana ukucha mmoja unaiinua kama ganda. Dawa yake ni rahisi kuliko zote: osha vipande vikiwa bado kwenye fremu yake, yaani kiunzi cha plastiki vinamokuja, kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Suuza, acha vikauke usiku kucha, kisha shika fremu na si kipande.

Unapopiga tena, chagua saa kwa kuangalia kamba ya nguo. Nguo ulizofua asubuhi zikikauka vizuri, piga. Zikiwa bado chepechepe hadi mchana, ahirisha hata kama jua linawaka. Kwa kawaida nafasi nzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kivulini, nje ya nyumba, siku isiyo na dalili ya mvua. Tikisa kopo dakika mbili kamili tangu uanze kusikia gololi ikigonga. Simama sentimita 20 hadi 30. Anza kubonyeza pembeni mwa askari, pita juu yake, achilia ukishamvuka. Usianze wala usiishie juu yake, maana pale ndipo kopo hutema matone makubwa. Piga mara tatu nyepesi, kwa kupumzisha dakika kumi na tano kila mara, na usijaribu kufunika kila pembe kwa mpigo mmoja. Kisha waache siku nzima kabla ya kuleta brashi.

Spreyi za magari zinafaa, ila nyingine zina kiyeyushi kikali kinacholainisha plastiki na kufuta sura za askari. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu unachokwenda kukitupa. Kesho yake kikiwa kigumu na kingo zake bado kali, endelea. Kikinata, rudisha kopo kabatini. Na katika miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ushauri wangu wa dhati ni kuachana na spreyi kabisa na kutumia praima, yaani rangi ya msingi, ya kupaka kwa brashi, ambayo ni ya maji. Ni kazi ya polepole, tabaka mbili nyembamba, lakini haiulizi mawingu yanasemaje.

Wale waliokwisha kuharibika wengi wanaokolewa. Waliokwaruza kidogo, wasugue kwa mswaki mkavu. Vumbi la juu litatoka na kinachobaki kinaweza kupakwa. Waliokwaruza sana au wanaobanduka, wavue rangi. Dettol ya kahawia ile ya dukani, bila kuichanganya na maji, imevua rangi za askari wengi. Wazamishe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kwa saa 24, vaa glavu, wasugue kwa mswaki uliochovywa kwenye Dettol ileile, na usilete maji mpaka rangi yote iwe imetoka. Watu wengi hukosea hapa: maji yakikutana na rangi iliyolainika kwenye Dettol hugeuka kuwa ute unaonata kama ulimbo wa fenesi, na kuuondoa ni adhabu. Rangi ikiisha ndipo uoshe kwa sabuni na maji. Fanya penye hewa, mbali na watoto na vyombo vya kulia, kwa sababu Dettol isiyochanganywa na maji huunguza ngozi. Rangi nyingine za magari ni ngumu na zinaweza kukataa. Zikikataa baada ya siku mbili, usihamie kwenye thina wala kwenye asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Hizo zinayeyusha plastiki yenyewe. Utatoa rangi na askari pamoja. Heri umpake juu yake na umsimamishe safu ya nyuma.

Ukungu mweupe kwenye viungo unatokana na gundi. Supagluu haikauki kwa kupoteza maji, hukomaa kwa kukutana na unyevu wa hewani. Ukiweka nyingi, mvuke wake hupanda, hukutana na unyevu pembeni na kutua kama unga mweupe. Weka tone dogo kama kichwa cha pini kwa ncha ya kijiti cha meno, na usiwafungie askari kwenye boksi kabla ya siku kupita, kwa maana mvuke uliofungiwa hauna pa kwenda. Ukungu uliopo utafichwa na rangi. Tahadhari moja ambayo haijulikani vya kutosha: usipanguse supagluu kwa pamba wala kwa kitambaa cha pamba. Pamba huifanya ikomae ghafla kwa joto kali linaloweza kuunguza vidole.

Kwa plastiki ya aina hii gundi bora si supagluu. Ni gundi maalumu ya plastiki, inayoyeyusha nyuso mbili kidogo na kuzifanya kitu kimoja; mkono ukianguka chini haukatiki pale ulipounganishwa. Kitu cha kumwomba kaka yako ni chupa ndogo ya vanishi isiyong'aa, ya maji, ya kupaka kwa brashi. Usimwombe abebe gundi hiyo wala kopo la spreyi, kwa kuwa gundi inayoshika moto na spreyi ya rangi haviruhusiwi ndani ya ndege, si mkononi wala kwenye sanduku. Na mtu akikuambia gundi ya mabomba ya maji ni sawa na gundi ya plastiki, mshukuru na uiache. Ni nzito na kali mno kwa vidole vya askari wa sentimita tatu.

Sasa meza. Hukutaja nyumba, ukuta, kilima wala kichaka hata kimoja, na nadhani hukusahau kuvitaja. Havipo.

Fanya hesabu hii pamoja nami. Askari kumi wa rafiki yako wako sentimita 60 kutoka kwa bunduki zako kumi na mbili. Wao hutembea sentimita 15 kwa zamu, bunduki zako zinafika sentimita 60. Kila bunduki inarusha dadu moja, na 4 kwenda juu ni kulenga. Anayelengwa anarusha dadu ya kujiokoa, anapona kwa 5 au 6. Dadu kumi na mbili hutoa shabaha sita kwa wastani, na theluthi mbili za hizo, yaani nne, zinaangusha mtu. Kabla hawajakufikia umewafyatulia angalau mara tatu: nne, nne, nne. Ni watu kumi na wawili, na wao walikuwa kumi. Rafiki yako hakufanya kosa lolote. Alishindwa pale mlipowapanga.

Weka nyumba mbili na ukuta mmoja katikati yenu. Zamu mbili za kwanza hawaonekani, kwa hiyo hakuna wa kufyatuliwa. Zamu ya tatu wamejibanza nyuma ya ukuta, na kwa ajili ya maficho hayo unahitaji 5 badala ya 4. Dadu zako kumi na mbili sasa zinatoa shabaha nne, na wanaoanguka ni wawili au watatu. Saba au wanane wanakufikia wakiwa na hasira. Jeshi ni lilelile, kanuni ni zilezile, na sasa wewe ndiye unayetakiwa kufikiri.

Kwa meza ya sentimita 120 kwa 120, igawe kwa chaki miraba kumi na sita ya sentimita 30. Miraba saba au minane iwe na kitu. Vitatu kati ya vitu hivyo, angalau, viwe virefu kuliko askari mara mbili, sentimita 8 kwenda juu, ili vizibe macho kabisa, na kimoja kikae karibu na kitovu cha meza. Acha njia za sentimita 10 hadi 12 ili vikosi vipite. Kisha piga goti, weka jicho lako usawa wa kichwa cha askari, na uzunguke pande zote nne. Popote unapoona mstari ulionyooka unaozidi sentimita 60, hamisha kitu ukikate. Kazi hii ya dakika tano itawasaidia kuliko kitabu chochote utakachonunua.

Vitu vyenyewe mnavyo. Katoni ya kawaida inatoa nyumba: kuta za sentimita 6, mlango wa sentimita 4, upana 10 kwa 12, paa lisilogundishwa ili mweze kulifunua na kuweka askari ndani. Kwa paa la mabati, lowesha kidogo upande mmoja wa katoni na ubandue karatasi ya juu. Chini yake kuna mawimbi, na ukiyapaka kijivu kisha kugusagusa kahawia ya kutu, hutahitaji kumweleza mtu ni nini. Paa la nyasi hutokana na byayi, maganda makavu ya mgomba, yakichanwa membamba na kubandikwa safu kwa safu kuanzia chini. Kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti, kilichobaki kwa fundi ni shamba lililolimwa, bila kupakwa chochote. Na shamba la migomba, ambalo linapaswa kuwa kwenye kila meza ya Uganda, hutengenezwa kwa karatasi ya kijani: majani ya sentimita 5 kwa 1 na nusu, yamekunjwa katikati, sita au saba kuzunguka kijiti kimoja. Panda vijiti kumi kwenye ubao mmoja na una maficho mazuri kuliko msitu wa dukani.

Kilima kikate kwenye povu jeupe linalokuja na televisheni au friji. Kabla ya kulipaka, lifunike kwa karatasi ya chooni iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tabaka mbili, halafu rangi ya maji ya ukutani. Ukilipiga spreyi moja kwa moja litayeyuka mbele ya macho yako, na supagluu nayo hulila. Mchanga wa ziwa au murramu iliyochekechwa inafaa sana kwa ardhi, ila ukaange kwanza kwenye sufuria kuukuu dakika kumi ili mayai ya wadudu yafe na unyevu utoke. Usitumie gundi ya uji wa ngano. Mende wataila, na penye unyevu huota kuvu. Jambo la mwisho la ujenzi: katoni ikipakwa gundi upande mmoja hujikunja ikikauka, kwa sababu upande uliolowa unavuta. Paka upande wa chini pia, au jenga juu ya plaiwudi ya milimita 3.

Meza ikishajaa, badilisheni mambo mawili katika kucheza. La kwanza, jeshi zima lisicheze kwa pamoja. Wewe unaendesha kikosi kimoja, kisha mwenzako kimoja, mnapokezana hadi vyote viishe. Hiyo ni zamu moja. Anayeanza anapata kikosi kimoja tu cha faida badala ya jeshi zima. Kuna kanuni nyingi zilizojengwa hivi. One Page Rules, ambazo toleo lake la msingi hupatikana bure mtandaoni na hukubali askari wa kampuni yoyote, zinatumia mtindo huo, na kurasa zake chache zinatosha kabisa kwa watu wanne. Hivyo kile kitabu kikubwa kinaweza kusubiri.

La pili, acheni kucheza ili kuuana. Wekeni alama tatu mezani, vifuniko vya soda vilivyopakwa nyekundu vinatosha: kisima, daraja, nyumba ya mkuu. Mwisho wa zamu ya nne, anayeshikilia alama nyingi ndiye mshindi, hata kama amebakiwa na watu watano. Saa nne zenu zilitokana na kusubiri askari wa mwisho afe, na askari wa mwisho kwa kawaida hujificha pembeni. Punguzeni pia idadi, askari kumi hadi kumi na watano kwa kila mtu, na mwandike kanuni mnazotumia kila wakati kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani. Mkibishana juu ya kanuni, rusheni dadu, endeleeni, mtafute jibu baada ya mchezo. Mtamaliza ndani ya saa mbili.

Sasa huyo rafiki yako wa omweso. Nakuomba usimbishie kwa kumwambia amekosea, kwa sababu kwa mchezo mlioucheza alikuwa sahihi. Omweso una mashimo 32 na kete 64, na hakuna kinachofichwa. Mwenye macho na hesabu anaona yote. Aliletewa meza tupu ambapo aliyeanza alishinda, na akaona hakuna cha kufikiri. Hata hivyo dadu si jinsi anavyodhani. Dadu moja ni bahati. Dadu kumi na mbili ni karibu hesabu: kwa kulenga kwa 4, utapata shabaha kati ya nne na nane takribani mara 85 katika kila 100. Kamanda mzuri anajua hilo na hupanga vikosi vyake ili hata wakipata nne tu, mpango usimame. Maofisa wa Prussia waliokuwa wakijifunza vita juu ya ramani kwa kanuni zilizochapishwa mwaka 1824 walitumia dadu kwa sababu hiyohiyo, kwamba vitani hakuna anayeamuru kila kitu. Anayezoea kuhesabu kete tatu mbele atakuwa hatari sana mezani kwenu. Mwombe apange majengo kabla ya mchezo, na nyinyi mchague pande baada yake. Atayapanga kwa haki, kwa kuwa hajui atapewa upande upi.

Kuhusu pesa, nitakuwa mkweli. Askari wa milimita 28 ndio ghali zaidi, na utalipa usafiri, na mzigo ukifika unaweza kudaiwa ushuru na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, uliza kabla. Wanapendeza kuliko wote kwa kupaka, na kwa vikosi vidogo hawana mpinzani. Askari wa kipimo cha 1/72, yaani mtu halisi aliyepunguzwa mara 72, huja wengi katika boksi moja kwa bei ndogo, lakini plastiki yao ni laini na inapinda, rangi hupasuka kila mkuki unapojikunja. Waoshe vizuri, na wapake gundi ya mbao iliyopunguzwa maji kabla ya rangi ili kuwe na utando unaopinda pamoja nao. Askari wa karatasi ndio wa bei ya chini kabisa. Michoro ya bure ipo, na duka lolote la uchapishaji, Jinja au Nasser Road kule Kampala, litachapa kwenye karatasi nene ya gramu 160 hadi 200. Wakunje kwa umbo la herufi A au wachomeke kwenye kisahani. Usiwadharau, rafiki zako watatu wakiwa na majeshi ya karatasi wiki hii ni bora kuliko wewe mwenyewe na majeshi mawili ya plastiki baada ya miezi mitatu, ukiwa huna wa kucheza naye.

Visahani vya chini navyo msinunue. Kifuniko cha chupa ya soda kina upana wa takribani milimita 32 kwa nje. Kigeuze, jaza gundi na mchanga, simamisha askari, na una kisahani kizito kisichoanguka. Tena ni chuma: bandika vipande vya sumaku, hata za spika zilizokufa, chini ya boksi lako, na jeshi litapanda boda hadi kwa rafiki bila mkuki kuvunjika.

Ukishaona askari wa karatasi wanakubalika, una nafasi ambayo wachezaji wa Ulaya hawana. Mwaka 1875 Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, alipigana na Wavuma, watu wa visiwa vya Buvuma, kwa mitumbwi kwenye ziwa hilo unaloliona, na msafiri Henry Morton Stanley alikuwapo akaandika. Mitumbwi ya Buganda ilikuwa ya mbao zilizoshonwa pamoja, mbele imechomoza na kupambwa kwa pembe. Ikate kwa katoni, urefu wa sentimita 10, nusu saa kila mmoja. Tandika shuka la bluu, weka visiwa viwili na mafunjo kando yake yanayopunguza mwendo. Mtumbwi uende sentimita 20 kwa zamu, usigeuke zaidi ya nyuzi 45, mikuki ifike sentimita 10, na kila mtumbwi uanze na wapiga kasia sita. Wanaopungua wanapunguza mwendo. Wavuma wawe na mitumbwi michache lakini wageuke hadi nyuzi 90, kwa maana maji yale yalikuwa nyumbani kwao. Kabla ya kucheza zungumza na wazee wa pande zote mbili, watakueleza yasiyo vitabuni. Vita ambavyo waathirika wake bado wako hai, kama vile vya kaskazini mwa Uganda, nakuomba mviache. Mtu anayeingia sebuleni kwenu anaweza kuwa alimpoteza ndugu kwenye vita hivyo.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kama baada ya kuosha na kubadilisha saa spreyi bado inakataa, chukua askari wawili na kopo lako umwendee fundi wa rangi za magari gereji yoyote hapo Jinja. Anapambana na unyevu uleule kila siku, na dakika kumi za kumwangalia mkono wake unavyopita zitakufunza umbali na mwendo kuliko video. Mwenye pumu asipige spreyi kabisa. Ampe mwingine, na arudi rangi ikikauka. Askari wa zamani wa chuma wanaweza kuwa na madini ya risasi (ledi) ndani yake, kwa hiyo wasipigwe tupa ndani ya nyumba, wasichezewe na watoto wanaotia vitu mdomoni, na uoshe mikono kabla ya kula.

Vidole vikigandana kwa supagluu, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, uvizungushe taratibu bila kuvuta. Ikiruka jichoni, usilazimishe kope kufunguka na usitie dawa yoyote. Mwagia maji safi ya uvuguvugu kwa muda mrefu, funika kwa kitambaa safi chenye maji, na uende hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo. Kisu cha kukatia fremu kikiingia ndani ya kidole na damu isikome baada ya kubana dakika kumi, nenda ukashonwe, na uulize sindano yako ya pepopunda ilichomwa lini.